Urefu wa Mnyororo wa Baiskeli ya Mbio: Kukagua, Kupima na Kukata

Hamjambo watazamaji, na karibuni tena barazani kwetu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Leo tunashughulikia jambo moja tu, nalo ni urefu wa mnyororo, au cheni kama wengi wetu tunavyouita, katika baiskeli ya mbio yenye gia. Nitakuonyesha namna ya kujua kama mnyororo ulio kwenye baiskeli yako ni mfupi mno, ni mrefu mno au unafaa, kisha nitautoa huu wa zamani, nipime mpya, niukate na kuufunga huku ukitazama.

Baiskeli unayoiona nyuma yangu nimeining'iniza kwa kamba mbili kwenye boriti ya baraza, kwa sababu stendi ya kazi sina, na kamba inatosha maadamu gurudumu la nyuma linazunguka bila kugusa kitu. Mbele ina spoketi mbili, yaani zile duara za meno zinazobeba mnyororo, moja ya meno 50 na nyingine ya meno 34. Nyuma ina spoketi kumi, ndogo kabisa ikiwa na meno 11 na kubwa kabisa meno 28. Tafadhali zishike namba hizi, kwani tutazihitaji baadaye.

Kabla sijagusa kitu, naomba nieleze kwa nini somo hili linahitaji video nzima. Baiskeli nyingi za aina hii tulizo nazo hapa mjini ni za mtumba, zimeshushwa bandarini zikiwa zimekwisha kupita mikono miwili mitatu, na kila mkono umebadilisha kitu. Mmoja aliweka spoketi kubwa zaidi nyuma akaacha mnyororo uleule. Mwingine aliona mnyororo unapigapiga fremu, akapunguza pingili mbili, yaani vipande viwili vya mnyororo, ili kelele iishe. Nao mafundi wetu wa mitaani, ambao ni hodari kweli kwa zile baiskeli nzito za gia moja za kubebea mikate na madafu, wamezoea kuukaza mnyororo kwa kulegeza nati na kulivuta gurudumu nyuma. Katika baiskeli ya mbio ya siku hizi njia hiyo haipo, kwa kuwa ekseli huingia kwenye mkato ulioelekea chini au kwenye tundu, na haina nafasi ya kurudi nyuma. Kinachochukua ulegevu wote ni mkono wenye springi wa kibadilisha gia cha nyuma, na mkono huo una mpaka wake kwa upande wa kukaza na kwa upande wa kulegea.

Mimi mpaka huo niliujua kwa kugharimika. Miaka kadhaa iliyopita nilikata mnyororo nyumbani kwa kukisia tu, nikauona umekaa vizuri kwenye spoketi za katikati, nikaridhika. Asubuhi iliyofuata tulikuwa tunapanda kuelekea Rabai, pumzi zimekwisha, nami nikasahau kuwa mbele niko kwenye spoketi kubwa, nikabonyeza gia hadi ile kubwa ya nyuma. Mnyororo ulikakamaa kama kamba ya nanga, padeli ikagoma, na kibadilisha gia kikavutwa mbele hadi sikio la fremu linalokishikilia likapinda na kukiingiza ndani ya spoki. Nilirudi mjini kwa matatu, baiskeli juu ya keria. Kosa lote lilikuwa pingili mbili, yaani inchi moja ya chuma. Ndiyo maana utanisikia mara kwa mara nikisema kwamba mnyororo mrefu kidogo ni usumbufu, lakini mnyororo mfupi ni hasara.

Sasa tukague ulio kwenye baiskeli. Ukaguzi wa kwanza ni wa kubwa kwa kubwa: spoketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa wakati mmoja. Usiifanye ukiwa barabarani, na usibonyeze gia kwa haraka. Zungusha padeli taratibu kwa mkono mmoja, mkono mwingine uwe kwenye kitufe cha gia, upande spoketi moja baada ya nyingine huku jicho likiwa kwenye mkono wa kibadilisha gia. Mkono huo utakuwa unavutwa mbele kila hatua. Kama bado hujafika ile ya mwisho na tayari umenyooka kabisa, simama hapohapo, usilazimishe, mnyororo wako ni mfupi. Nasogeza kamera karibu uone hali inayofaa: mnyororo umeingia kwenye spoketi zote mbili kubwa, mkono umevutwa mbele, lakini vile vigurudumu viwili vidogo vya meno vilivyo kwenye mkono huo bado vinaufanya mnyororo ujikunje kidogo kati yao. Nikiusukuma mkono kwa kidole kuelekea mbele, unasogea bado. Mkunjo huo mdogo ndio salama yako.

Ukaguzi wa pili ni kinyume chake, ndogo kwa ndogo. Hapa tunatafuta ulegevu. Tazama sehemu ya chini ya mnyororo: ikining'inia kama kamba ya kuanikia nguo, au mnyororo ukijigusa wenyewe unapopita kwenye kigurudumu cha juu, basi ni mrefu kupita kiasi, au mkono wa kibadilisha gia ni mfupi kwa spoketi ulizoziweka. Yapo mambo mawili hapo, na ni vyema uyatenganishe kabla ya kukimbilia kukata. Toa meno ya ndogo ya mbele kwenye ya kubwa, yaani 50 toa 34, upate 16. Fanya vivyo hivyo nyuma, 28 toa 11, upate 17. Ukijumlisha unapata 33. Hiyo ndiyo hesabu ya meno ambayo kibadilisha gia hiki kinatakiwa kuimeza, na kila kibadilisha gia kina uwezo wake ulioandikwa na mtengenezaji. Ikiwa hesabu yako imezidi uwezo huo, hakuna urefu wa mnyororo utakaokutosheleza pande zote mbili, na katika hali hiyo utii ukaguzi wa kubwa kwa kubwa, kisha ujizoeze kutotumia ndogo kwa ndogo, ambayo kwa kweli haina faida yoyote, kwa kuwa mnyororo hukaa mshazari na mwendo huohuo unaupata kwa spoketi nyingine.

Huu wetu umepita kwenye kubwa kwa kubwa, na ndogo kwa ndogo umelegea kidogo tu. Hata hivyo nauona unarukaruka kila baada ya mzunguko mmoja unapopita kwenye vigurudumu. Wengi wakiona mruko huo hudhani mnyororo ni mfupi. Zungusha padeli kinyumenyume polepole utazame: hii hapa, pingili moja haijikunji, imebaki imepinda kama kidole chenye jongo. Hiyo ni kutu ya chumvi. Anayeishi Kizingo, Nyali au popote upepo wa kusi unapoingia moja kwa moja kutoka baharini anaifahamu vizuri. Baiskeli ikilala nje wiki mbili bila mafuta, pini zinashikana. Shika mnyororo pande mbili za pingili hiyo, uupinde kidogo kwa ubavu, kulia na kushoto, kisha udondoshee oili tone moja. Mara nyingi inaachia. Hilo halihusiani na urefu, na ni bora ulimalize kabla hujahukumu urefu.

Kuna kipimo kingine cha kufanya mnyororo ukiwa bado juu ya baiskeli, nacho ni cha kulika. Chuma cha mnyororo hakivutiki kama mpira; kinacholika ni pini na matundu yake, kila kiungo kinalegea kwa unywele mmoja, na jumla ya unywele huo ndiyo inayoonekana kama urefu. Kila pingili ni nusu inchi kutoka pini hadi pini. Chukua rula ya chuma, uweke sifuri katikati ya pini moja kwenye sehemu ya juu ya mnyororo, uhesabu pingili 24, usome katikati ya pini inayofuata. Mnyororo mpya utasoma inchi 12 kamili, au milimita 304.8. Kwa baiskeli za spoketi kumi nyuma, wengi hubadilisha ziada inapofika asilimia 0.75, ambayo ni milimita 307.1 hivi, kwa za spoketi 11 na 12 hawasubiri, hubadilisha kwenye asilimia 0.5, karibu milimita 306.3. Wetu, kama unavyoona kwenye rula, umefika milimita 307.5. Umekwisha kazi. Ukiendelea nao hadi upite asilimia moja, utakula meno ya spoketi za nyuma, halafu siku utakapoweka mnyororo mpya utaruka juu ya meno hayo yaliyolika na utalazimika kununua vyote viwili.

Kipimo hicho pia kinajibu wale wanaoshauri kwamba mnyororo mpya upimwe kwa kuulaza sakafuni kando ya ule wa zamani. Mnyororo wa pingili 106 uliolika kama huu wetu umerefuka kwa karibu milimita 12 kwa jumla, yaani karibu pingili nzima ambayo haipo. Ukilinganisha ncha kwa ncha, utadanganyika. Ukitaka kuutumia wa zamani kama kielelezo, hesabu pingili zake moja moja, na ufanye hivyo pale tu unapokuwa na hakika kwamba ulikuwa na urefu sahihi na spoketi hazijabadilishwa. Kwa baiskeli ya mtumba, hakika hiyo unaitoa wapi?

Haya, tuutoe. Nimetandika kikoi kikuukuu chini, na hapa pembeni nimeweka sinia, kwa sababu vitu vidogo vikianguka kwenye mianya ya sakafu ya baraza hili havirudi. Mnyororo weka kwenye spoketi ndogo mbele na ndogo nyuma ili ulegee. Loki, yaani ile pingili maalumu inayofunguka, naibana kwa koleo lake, ncha mbili zinasogeleana, na imeachia. Kama mnyororo wako hauna loki, toa pini yoyote kwa kifaa cha kutolea pini, kwa kuwa huu hautarudi tena.

Mnyororo mpya uwe wa idadi ya gia zako. Wa spoketi tisa ni mpana kuliko wa kumi, na wa kumi ni mpana kuliko wa kumi na moja, japo kwa macho vinafanana. Usikubali kuambiwa dukani kwamba vyote ni vilevile. Ukiutoa kwenye boksi usiuoshe kwa petroli, maana mafuta yaliyo ndani ya pini ametia mtengenezaji na ni mazuri kuliko tutakayotia sisi. Huu una pingili 116. Ukiutazama kwa karibu utaona pingili za aina mbili zikipokezana: ya ndani, ambayo ni nyembamba na ina kigurudumu, na ya nje, ambayo ni pana na inaikumbatia ya ndani. Daima ya ndani hufungwa na ya nje. Loki ni pingili ya nje, kwa hiyo nikifunga kwa loki, ncha zote mbili za mnyororo zinatakiwa ziwe za ndani. Wengi hukata kwanza ndipo wakakumbuka jambo hili, wakajikuta na ncha mbili zisizokubaliana.

Nifanye kwanza hesabu ya karatasi, ili nijue takribani ninakoelekea. Pima kutoka katikati ya ekseli ya kranki, yaani ile inayozungushwa na padeli, hadi katikati ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Hapa ni sentimita 41, yaani inchi 16 na thumuni moja. Zidisha kwa mbili: 32.25. Chukua meno ya spoketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma, 50 na 28, jumla 78, ugawe kwa nne: 19.5. Jumlisha vyote, uongeze inchi moja ya usalama, upate 52.75. Namba isiyo kamili ipandishe daima, usiishushe, basi tunapata inchi 53, ambazo ni pingili 106 loki ikihesabiwa.

Sasa kipimo cha baiskeli yenyewe, ambacho ndicho ninachokiamini zaidi. Chomeka nusu moja ya loki kwenye ncha ya ndani ya mnyororo mpya. Uzungushe mnyororo kwenye spoketi kubwa ya nyuma, uje mbele kwenye spoketi kubwa ya mbele ukipita ndani ya kibadilisha gia cha mbele, lakini usiupitishe kabisa kwenye kibadilisha gia cha nyuma. Vuta ncha mbili zikutane chini ya spoketi ya mbele, zikaze kwa mkono, zisikakamae. Tafuta pingili ya ndani ya kwanza inayoweza kuifikia nusu ya loki bila kuvutwa kwa nguvu. Hii hapa, nimeishika kwa kidole gumba. Kutoka hapo nahesabu pingili mbili zaidi kuelekea kwenye ile ncha ndefu: moja ya nje, moja ya ndani. Hapo ndipo pa kukatia. Natia alama ya kalamu ya wino mwekundu, kisha nahesabu tangu mwanzo: pingili 105, na loki inafanya 106. Karatasi na baiskeli vimekubaliana. Visingekubaliana, ningepima tena tangu mwanzo, na kama tofauti ingebaki ningeufuata ule urefu mkubwa zaidi, kwa kuwa kupunguza baadaye ni kazi ya dakika mbili na kurudisha kilichokatwa ni kazi nyingine kabisa.

Laza mnyororo kwenye kifaa cha kutolea pini, pini yenye alama ielekee mwiba wa kifaa. Hapa usiwe na pupa. Zungusha mpini hadi mwiba uguse pini, kisha uiname utazame kwa upande: mwiba uwe katikati hasa ya pini, usiegemee ukingoni, la sivyo utapinda mwiba au utapasua bapa la pingili. Sasa zungusha. Mwanzo ni mgumu, halafu unasikia kitu kama kinapasuka kwa sauti ndogo, kisha mpini unakuwa mwepesi. Naendelea hadi mwisho kwa sababu pini hii siihitaji tena, na hiyo imedondoka siniani. Umeisikia mlio wake. Wanaofunga kwa pini maalumu badala ya loki wafuate karatasi ya mtengenezaji, na wasirudishe pini iliyotolewa, kwani kwenye minyororo hii myembamba tundu likishapanuka pini hiyo haishiki tena kwa uhakika.

Kuupitisha mnyororo ni rahisi, ila pana mtego mmoja. Ukiushusha kutoka nyuma ya spoketi, upite mbele ya kigurudumu cha juu, urudi nyuma ya kigurudumu cha chini, ndipo uende mbele. Kati ya vigurudumu hivyo kuna ulimi mdogo wa chuma; nauonyesha kwa ncha ya bisibisi. Mnyororo upite upande wa ndani wa ulimi huo, usiukwaruze. Ukikosea hapo, kila kitu kitaonekana sawa na utasikia mkwaruzo ambao utakusumbua jioni nzima.

Ncha mbili nazishikiza kwa kipande cha spoki ya zamani nilichokikunja pande zote mbili kama ndoana, ili mikono yangu iwe huru. Loki naifunga, naitazama kama ina mshale wa mwelekeo, wetu hauna. Kisha nazungusha padeli hadi loki ije juu, kati ya spoketi za mbele na za nyuma, nabana breki ya nyuma na kukandamiza padeli kwa mkono kwa nguvu moja. Tak! Imekaa. Angalia kwenye boksi kama loki yako ni ya kutumika mara moja tu, maana za spoketi kumi na kuendelea nyingi ziko hivyo.

Narudia ukaguzi ule wa mwanzo. Kubwa kwa kubwa, taratibu kwa mkono: mkunjo upo, mkono bado unasogea kwa kidole. Ndogo kwa ndogo: chini pamenyooka, mnyororo haujigusi. Ungejigusa, na kubwa kwa kubwa kukawa na mkunjo mwingi, ningetoa pingili mbili, moja ya ndani na moja ya nje, na kukagua tena. Kwa upande mwingine, kama mnyororo uliopo ni mfupi na umelika, usiuunganishe na kipande kipya. Pingili mpya na za zamani hazipandi meno kwa namna moja, utasikia mshtuko kila kipande hicho kinapopita.

Jaribio la mwisho ni barabarani. Mimi huenda barabara ya Mama Ngina alfajiri, kabla magari hayajawa mengi, nikapitisha gia zote nikiwa nimekaa na kukanyaga kidogo, ndipo nikaelekea Daraja la Nyali kuzijaribu kwa uzito wa mwili. Nikirudi nafuta mnyororo kwa kitambaa kikavu, na msimu wa kusi naufuta kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya chumvi, naukausha, ndipo natia oili nyepesi tone moja kwa kila kiungo na kufuta ya ziada. Mafuta ya kupikia usitie; huganda kama gundi na kukusanya mchanga.

Kile kipande cha pingili 11 nilichokikata sikitupi. Nakifunga kwa uzi, nakitia kwenye mfuko mdogo chini ya kiti pamoja na loki moja ya akiba na kifaa cha kutolea pini, na kwenye kikaratasi naandika: spoketi kumi, pingili 106.